Jina Lililoporwa: Vitabu vya Dhulma na Malezi ya Watoto Wetu



Wapo wazazi miongoni mwetu wanaoona kuwa vitabu vinavyosimulia utumwa na ubaguzi wa rangi havifai kuingia nyumbani. Hoja yao ni kwamba mtoto akiyasoma mateso hayo atajaa ama chuki juu ya watu wengine, ama unyonge juu ya nafsi yake. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa chanzo chake ni huruma. Hata hivyo, sisi tunaona vinginevyo, na leo tunapenda kueleza sababu zetu kwa kutumia vitabu vitatu vinavyotuhusu moja kwa moja kwa kuwa vinasimulia maisha ya Waislamu.

Cha kwanza ni kidogo mno: kurasa 15 tu za maandishi ya mkono, kwa Kiarabu, zilizoandikwa mwaka 1831 katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mwandishi wake ni Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, nchi ambayo leo imo katika Senegal. Alisoma kwa masheikh kwa takriban miaka 25. Mwaka 1807 alitekwa, akavushwa bahari na kuuzwa Charleston. Alimtoroka bwana mkatili, akakamatwa na kutiwa jela mjini Fayetteville, na humo akaandika kwa Kiarabu ukutani. Maandishi hayo yaliwashangaza wenyeji, kwani mtumwa hakutarajiwa kuwa mtu wa elimu. Hata jina lake halikuachwa salama. Likakatwakatwa hata akaitwa Moro.

Omar alipoandika habari za maisha yake, hakuanza na nafsi yake. Alianza na aya za Suratul Mulk, sura inayokumbusha kuwa ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu (SW). Tuzingatie jambo hili. Mtu anayehesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine anatanguliza maneno yanayosema kuwa Mmiliki ni Mmoja tu. Kisha anaomba radhi kwamba amesahau sehemu kubwa ya lugha yake na ya Kiarabu. Zipo pia sehemu anazomsifu bwana wake wa mwisho, na zipo habari za kubatizwa kwake, mambo ambayo wanazuoni wangali wanayajadili. Alifariki akiwa bado mtumwa. Muswada wake leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kurasa hizo 15 zinatufundisha namna dhulma inavyofanya kazi. Haichukui nguvu za mwili peke yake. Hulipora jina, huifisha lugha, na hatimaye humfanya aliyedhulumiwa apime kila neno analolitoa mbele ya aliye juu yake. Na katika hali hiyo, kile alichokisoma utotoni ndicho kilichobaki kumwambia yeye ni nani.

Cha pili ni tawasifu ya Malcolm X, iliyosimuliwa kwa mwandishi Alex Haley na kuchapishwa mwaka 1965. Malcolm alizaliwa mwaka 1925 kwa jina la ukoo la Little, jina ambalo aliliona kuwa limetoka kwa waliowamiliki wazee wake. Akiwa gerezani, kati ya mwaka 1946 na 1952, alinakili kamusi kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa ili apate maneno ya kufikiria. Alijiunga na kundi la Nation of Islam, akaweka herufi X mahali pa jina la Kiafrika lililopotea. Kundi hilo lilifundisha kuwa mtu mweupe ni shetani kwa asili yake, na Malcolm aliihubiri itikadi hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1964 alilihama kundi hilo, na mwezi Aprili akaenda kuhiji. Huko alikula sahani moja na kuswali safu moja na watu wa kila rangi, akaona kuwa rangi haikuwa asili ya uovu aliouzoea kwao. Alirudi akiitwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Hakuacha kupigania haki. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alifika hata Dar es Salaam kutafuta uungaji mkono wa Waafrika. Alichokiacha ni kuwahukumu watu kwa rangi zao. Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa New York, kabla kitabu chake hakijatoka. Kijana anayekisoma haondoki na chuki, kwa kuwa anamwona mtu aliyeibeba chuki, akaipima kwa mizani ya dini, kisha akaitua.

Lau tungeishia hapo, mambo yangekuwa mepesi, kwani katika vitabu hivyo viwili dhalimu ni mtu wa mbali. Ndiyo maana tunaongeza cha tatu, nacho ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Humo tunamkuta Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayetolewa kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Yeye anadhani anakwenda kumtembelea ami yake, mpaka mwenziwe dukani amfahamishe kuwa huyo si ami bali ni bwana. Tajiri huyo ni mtu mpole, mwenye kuswali na kunukia uturi. Watu wa bara wanaitwa washenzi na Waislamu wenzetu. Yupo pia mzee mtunza bustani, mtumwa wa zamani, ambaye haoni vipi binadamu atampa mwenziwe uhuru kana kwamba ulikuwa mali yake.

Msomaji wa pwani hawezi kukisoma kitabu hiki akanyoosha kidole ng'ambo tu. Nasi tunauliza: je, masalia ya mambo hayo yamekwisha majumbani mwetu? Mara ngapi posa ya kijana mwenye dini na tabia njema imekataliwa kwa rangi yake au kwa asili ya babu yake? Mara ngapi mtoto mweusi kuliko nduguze ameitwa kwa rangi yake badala ya jina alilopewa siku ya akika, na watu wazima wakacheka?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Abu Dharr (RA), sahaba mkubwa, alimwaibisha mtu kwa mama yake, na Mtume (SAW) akamwambia kuwa ndani yake bado umo ujahiliya. Iwapo sahaba aliambiwa hivyo, sisi ni nani hata tujione tumetakasika? Na Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwisha kutuwekea kipimo: mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora ni mcha Mungu zaidi.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi wasifungie vitabu hivi, bali wavisome pamoja na watoto kwa kuzingatia umri. Kisa cha Omar chaweza kusimuliwa hata kwa mtoto wa darasa la nne. Tawasifu ya Malcolm, yenye habari za wizi na dawa za kulevya katika sura zake za mwanzo, na riwaya ya Gurnah, zinawafaa vijana wa sekondari. Baada ya kusoma, aulizwe mtoto maswali matatu: nani alinyang'anywa jina lake, nani alinufaika, na katika nyumba yetu nani tunamwita kwa jina asilolipenda?

Swali la tatu huenda likamrudia mzazi mwenyewe. Likirudi, asilikwepe. Mtoto akimwona mzazi wake anaacha neno alilozoea kumwita nalo mtumishi wa nyumbani, atakuwa amefundishwa maana ya vitabu vyote vitatu.

Wabillahi Tawfiq.