Ndiyo, nimekata miti, na Jumamosi nakata tena

Nimekuwa kimya hapa wiki mbili nzima, mnisamehe. Nilivyofungua barua pepe nimekuta rafiki yangu mmoja niliyesoma naye amenishukia kama mwewe. Kaona picha yangu niko mlimani huku Afrika Kusini, msumeno mkononi, paina imelala miguuni. Anauliza: "Wewe si ndiye uliyekuwa unatuandikia habari za mazingira? Leo umekuwa mchoma mkaa?"

Haya ndugu yangu, nakujibu hadharani, maana najua hauko peke yako.

Mahali penyewe ni milima ya Hottentots Holland, mashariki ya Cape Town. Tulikuwa watu kumi na wawili: wanafunzi, fundi umeme, mwalimu mstaafu, na mama mmoja mwenye mvi tupu aliyenipita kwenye mwinuko kama vile mimi nimebeba gunia la mahindi. Hakuna anayelipwa. Miche midogo tunang'oa kwa mkono. Mikubwa tunakata chini kabisa, chini ya tawi la mwisho, maana ukibakiza tawi moja la kijani umefanya kazi bure. Paina ikikatwa hivyo haichipui tena, ndiyo maana hatukubeba dawa. Miwati ni kesi nyingine kabisa: usipopaka dawa kisiki, ukirudi unakuta imechipua, na mbegu zake zinakaa ardhini miaka na miaka.

Kwa nini tunajitesa? Mlima ule kwa asili hauna msitu. Una vichaka vifupi viitwavyo fynbos. Ukanda huo wa mimea una aina zipatazo 9,000, na karibu asilimia 70 hazioti kwingine kokote duniani. Mbegu ya paina ina bawa, upepo unaipandisha hadi kwenye majabali. Moto ukipita, matunda yake magumu yanafunguka, na baada ya muda unakuta miche imesongamana kama nywele. Vichaka vyote chini yake vinakufa.

Halafu kuna maji. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wamepima vijito vya bonde la Jonkershoek, milima hiyo hiyo, wakaona panapopandwa paina maji ya kijito yanapungua. Mnakumbuka mwaka 2018, Cape Town ilipobaki kidogo ikaukiwe? Kila mtu lita 50 kwa siku, kuoga, kupika, kufua, vyote humo. Mwaka huo huo ulipoanzishwa mfuko wa kulinda vyanzo vya maji vya jiji hilo, makadirio yalikuwa kwamba miti vamizi inalinyima jiji lita bilioni 55 kwa mwaka. Sasa niambie nani anaharibu mazingira, mwenye msumeno au mti?

Nakiri jambo moja lilinikera. Kule mlimani neno linalosikika kila dakika ni "wageni". Ondoa wageni, wageni wanamaliza maji yetu. Mimi ni Mtanzania, na nchi hiyo hiyo mwezi Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni. Nilinyamaza, nikaendelea kukata, lakini moyoni nilijisikia vibaya. Baadaye nikajipa jibu ambalo bado naliamini: kosa la mti si alikotoka. Mahindi nayo yalitoka Amerika na hakuna anayeyang'oa. Kosa ni kutoka shambani bila kuitwa na kumeza kila kitu. Na miti haina watoto wa kulia. Waache kutumia lugha ile, kazi waendelee nayo.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko kidonda kiliko. Kwetu tumefundishwa kwamba mti ni mti. Nimeripoti sherehe za kupanda miti zisizo na idadi. Mheshimiwa anashika mche, kamera zinalia, hotuba inasomwa, idadi ya miche inatangazwa, tunakula pilau tunaondoka. Hakuna anayeuliza ni mche gani na unapandwa wapi. Pale Amani, Usambara Mashariki, upo mti uitwao Maesopsis, Waganda wanauita musizi. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa tena baadaye palipokatwa mbao. Hondohondo wanakula matunda yake na kuzitawanya mbegu, leo umejipenyeza katika msitu wenye viumbe wasiopatikana kwingine. Ni mti wa kijani, mrefu, mzuri kwa picha. Tuusifu?

Na kabla hujaniita mnafiki: mimi ni mtoto wa Mufindi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye paina za baba. Sina ugomvi na shamba la miti. Ugomvi wangu ni na mwenye shamba anayeuza mbao, faida anaweka mfukoni, mbegu zake zilizopanda mlimani anamwachia bibi wa watu azing'oe Jumamosi kwa mikono yake. Afrika Kusini wana sheria tangu 2004 inayomtaka mwenye ardhi aidhibiti miti hiyo. Mwaka 1995, chini ya waziri Kader Asmal, serikali ilianzisha hata mpango wa kuwalipa watu wasio na ajira kuiondoa. Bado majabali yanaachiwa watu wa kujitolea. Sisi hata mjadala hatujauanza!

Juzi nimempigia baba. Nimemwamkia, nikamuuliza habari za kile kisima cha bondeni tulichokuwa tunachota tukiwa wadogo, pale juu yake alipopanda mikaratusi. Akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, siku hizi tunachota ng'ambo." Nikamuuliza kama atakubali niikate nikija Desemba. Akasema tutazungumza.