Uhaba wa wasichana China wanaulipia mabinti wa jirani

China ilipoanza kuzibana familia kwa mtoto mmoja, mwaka 1980, haikumwambia mzazi yeyote achague wa kiume. Hakukuwa na haja ya kumwambia. Katika vijiji vingi vya huko binti akiolewa huhamia kwa mumewe akatunza wakwe, na mwana wa kiume ndiye anayebaki na shamba, jina la ukoo na wazazi wasio na pensheni. Aliyeweza kuzaa watano alikuwa na nafasi ya kusubiri. Aliyepewa nafasi moja hakuthubutu kubahatisha. Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba, na baadaye wakulima wa mikoa mingi waliojaliwa binti kwanza wakaruhusiwa kujaribu tena, kana kwamba dola nayo imekiri kuwa binti hatoshi. Kisha ultrasaundi zikafika wilayani, na mimba za wasichana zikaanza kutolewa. Kwa kawaida huzaliwa wavulana wapatao 105 kwa kila wasichana 100. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya sheria kukataza kupima jinsia ya mimba, China ilifikia 121. Sensa ya 2020 ilikuta wanaume wakiwazidi wanawake kwa karibu milioni 35.

Pengo hilo halikubaki ndani ya China. Mwanamume mwenye nyumba na kazi mjini hupata mke. Anayekosa ni mkulima wa kijiji ambacho wasichana wake wamekwenda kufanya kazi viwandani, na waliobaki mahari yao haikamatiki. Huyo hutafuta kwa walio maskini kuliko yeye: Vietnam, Laos, Kambodia, Korea Kaskazini, hata Pakistani. Uchunguzi wa Human Rights Watch wa mwaka 2019 ulieleza yanayowapata wanawake wa Kachin, kaskazini mwa Myanmar, waliokimbia vita. Mtu anayemfahamu, mara nyingine ndugu, humwahidi msichana kazi ng'ambo ya mpaka. Akishavuka, hukabidhiwa familia iliyomlipia kati ya dola 3,000 na 13,000 za Marekani, hufungiwa chumbani na kubakwa mpaka ashike mimba. Wengi waliofanikiwa kutoroka walilazimika kuwaacha watoto wao China.

Wapo watakaosema si wote waliouzwa. Ni kweli. Wanawake wengi wa Vietnam waliolewa ng'ambo kwa hiari, wakajenga nyumba na kusaidia wazazi wao. Lakini hiari ya siku ya harusi haimlindi mtu ambaye kibali chake cha kuishi kinategemea ombi la mume. Na wanaodhani uhaba humpandishia mwanamke hadhi wafuatilie fedha zinakoishia: mikononi mwa dalali na wazazi. Kilichopanda ni bei yake. Uwezo wake wa kukataa haukupanda, kwa sababu familia iliyokopa ili kumpata humwona kama mali ya kulindwa isipotee.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kosa ni la mila, si la sheria. Korea Kusini haikuwa na sheria ya mtoto mmoja, na bado mwaka 1990 uwiano wake ulipita 116. Kufikia 2005 zaidi ya ndoa mpya moja katika kila kumi ilikuwa na mwenzi mgeni. Nakubali kwamba mila peke yake inatosha kuleta madhara. Ila Korea hiyohiyo ilirudi kwenye uwiano wa kawaida mnamo 2007, wanawake walipoelimika na kupata ajira, na mahakama ikabatilisha ukuu wa mwanamume katika usajili wa familia. Mila inabadilika. China iliiwekea mila yake ukomo wa uzazi, ikaifanya kali zaidi kwa miaka 35.

Ukomo wa mtoto mmoja uliondolewa mwaka 2016, na tangu 2021 watatu wanaruhusiwa. Hilo halimsaidii mvulana wa 2004, ambaye ndiyo kwanza ameingia umri wa kuoa, wala msichana wa ng'ambo atakayetafutwa kwa ajili yake. China inaweza kuanza leo kumpa mke mgeni kibali kisichotegemea mume, haki ya kudai mwanawe mahakamani, na kuacha kumrudisha kwao, ambako gereza linamsubiri, mwanamke wa Korea Kaskazini anayekimbilia polisi.