Usimkaripie mama aliyetoka kwa mganga

Msomaji, hebu fikiria wewe ni mama unayeishi Kibarani, karibu na mji wa Kilifi. Ni usiku wa manane. Mtoto wako wa miaka miwili ana homa, na ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, povu linamtoka. Mavyaa wako anasema hii ni nyuni, yule ndege anayesemekana kuwaingia watoto, na nyuni hatibiwi kwa sindano. Mnakwenda kwa mganga. Mtoto anafukizwa na kufungwa hirizi. Kunakucha, hajazinduka, mnakimbilia hospitali. Hapo mnapokewa kwa neno moja: "Mlikuwa wapi usiku kucha?"

Nakiri kwamba neno hilo nimelisema mimi mwenyewe. Nilipokuwa daktari mpya nilichukua makasi nikakata hirizi ya mtoto mbele ya bibi yake, bila kuuliza. Kabla ya magharibi bibi alimbeba mjukuu wake akaondoka, na dawa haijaisha. Nilisema watu hawa ni wajinga. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mjinga nilikuwa mimi.

Kitabibu, degedege si ndege. Aghalabu huletwa na homa kali, na hapa pwani malaria ni miongoni mwa sababu zake kuu. Vimelea vya malaria huweza kuziba mishipa midogo ya damu ubongoni, na sukari mwilini ikashuka. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria anahitaji sindano ya artesunate, na sukari ikiwa imeshuka, upesi. Katika hilo sina mjadala na mganga.

Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo karipio ni hatari. Mama aliyeaibishwa leo, mtoto mwingine akishikwa kesho, atasita kuja, na jirani zake watakuwa wamekwisha kusikia. Hirizi isiyobana haimzuii muuguzi kudunga sindano. Tuiache. Tuulize kwa upole: "Mama, mmempa nini nyumbani?" Jibu lake ni muhimu, kwani mtoto aliyenyweshwa dawa akiwa hana fahamu, huenda dawa hiyo imeingia mapafuni. Mama mwenye hofu hatasema. Na tunapotoa damu ya kupima, tueleze ni kiasi gani na ni ya kazi gani. Kiswahili kisipotosha, atafutwe mwenzetu anayejua Kigiriama au Kichonyi.

Hii si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtu anaweza kunyimwa matibabu kwa mlango uliofungwa. Anaweza pia kunyimwa kwa ulimi.

Nawe mzazi, nina ombi. Degedege likimshika mtoto, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa kinywani, kisha mlete hospitali kwanza. Mkitaka kwenda kwa mganga, nendeni baadaye, mtoto akiwa mzima. Na mkija naye amevaa hirizi, mimi sitaigusa.