UCHAMBUZI: Ushuru wa soda usiotofautisha sukari na maji

SODA yenye vijiko saba vya sukari na maji ya chupa yasiyo na hata chembe moja ya sukari hutozwa ushuru wa kiwango kimoja nchini Kenya.

Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliviweka vinywaji hivyo viwili katika fungu moja na kuvitoza Sh5 kwa kila lita. Kiwango hicho kilipandishwa baadaye kulingana na mfumko wa bei hadi kikafika Sh6.41. Juisi za matunda nazo zilianza kwa Sh10 kwa lita na kupanda hadi Sh14.14, na sheria haijali iwapo juisi hiyo imeongezwa sukari au la.

Kwa maneno mengine, mkazi wa Bahati anayenunua maji safi dukani hulipia ushuru sawa na jirani yake anayenunua soda. Anayenunua juisi halisi hulipia zaidi ya mara mbili.

Swali la iwapo serikali itoze ushuru vyakula na vinywaji vinavyodhuru afya, ili kupunguza unene wa kupindukia, limekuwa likijadiliwa kana kwamba Kenya haijawahi kutoza ushuru huo. Ukweli ni kwamba inautoza tayari. Kasoro ni kuwa ushuru wenyewe uliundwa kujaza mfuko wa Hazina ya Taifa, wala haukuundwa kulinda afya ya mnywaji.

Mzigo wa uzani

Kwamba kuna tatizo la kutatuliwa halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu viini vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Miongoni mwa wanawake idadi hiyo ilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5.

Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulibainisha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa wazito kupita kiasi au wanene wa kupindukia. Wakati huo huo, asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe bora.

Takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja, zinaeleza jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa. Unene si ushahidi wa shibe ya matajiri pekee. Nyumba moja inaweza kuwa na mama anayeugua kisukari na mtoto aliyedumaa, kwa sababu chakula kinachopatikana kwa urahisi kina nguvu nyingi na virutubishi vichache.

Bahati ni mahali pazuri pa kupimia kinaya hiki. Eneobunge hilo la Kaunti ya Nakuru, lenye wadi za Dundori, Kabatini, Kiamaina, Lanet/Umoja na Bahati, ni shamba la mboga la jiji lililo jirani. Viazi, kabeji, karoti na maziwa hutoka huko kuelekea masoko ya Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1, 2021.

Lakini mboga zinapoteremka kwenda mjini, bidhaa za viwandani hupanda kurudi vijijini. Soda, biskuti na peremende hazihitaji kuoshwa, kupikwa wala kutafutiwa kuni. Hazioshi mkulima jasho, lakini humjaza tumbo kwa muda mfupi na hazimwozei muuzaji kwenye rafu. Mwenye duka ana kila sababu ya kuzipenda kuliko nyanya zinazoharibika baada ya siku nne.

Kuna na suala la maji. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana madini ya floraidi kwa wingi. Madini hayo hugeuza meno kuwa ya kahawia na, yakizidi mno, hudhuru mifupa. Katika eneo kama hilo maji yaliyosafishwa si anasa. Kuyatoza ushuru sawa na soda ni kumwadhibu anayejikinga.

Funzo la 2024

Watetezi wa ushuru wa afya hawana budi kukumbuka yaliyotokea mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na asilimia 16 ya ushuru wa thamani kwa mkate. Lengo la mswada huo lilikuwa kukusanya takriban Sh346 bilioni.

Juni 18, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa, Kuria Kimani, ambaye ni mbunge wa Molo katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, alitangaza kuwa mapendekezo hayo mawili yalikuwa yameondolewa. Hilo halikutuliza hasira za umma. Juni 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada wote.

Kuna anayeweza kusema kuwa mafuta yakipanda bei, watu watakula vibanzi na mandazi machache na watapungua uzani. Hoja hiyo ina dosari kubwa. Mafuta hayo hayo ndiyo hukaanga sukuma wiki na kabeji ya mlo wa jioni. Hayana mbadala jikoni, na familia maskini huyanunua kwa kipimo kidogo kidogo. Isitoshe, Nakuru ina viwanda vya mafuta ya kupikia vinavyoajiri wakazi wake.

Soda ni jambo tofauti. Hakuna mlo unaoshindikana kwa kukosa soda, na mbadala wake, yaani maji, upo. Hapo ndipo panapopaswa kuchorwa mpaka kati ya ushuru wa afya na ushuru wa njaa.

Ushuru wa sukari yenyewe nao umepotoka njia. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha ushuru wa Sh5 kwa kilo ya sukari inayotoka nje, na Desemba 2024 ukapandishwa hadi Sh7.50. Sukari inayosagwa nchini haikuguswa na ushuru huo. Bila shaka mwili wa mlaji hautambui iwapo sukari imetoka Mumias au Brazil. Hatua hiyo inaweza kuwafaa wakulima wa miwa, lakini isiitwe sera ya afya.

Yaliyotokea kwingine

Mataifa yaliyotangulia yameacha nyayo za kufuatwa na nyingine za kuepukwa.

Mexico ilianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari Januari 2014. Katika mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua kwa wastani wa asilimia sita hivi, na familia maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Kwa hivyo, ingawa ni kweli kuwa ushuru wa aina hii humuuma zaidi mwenye kipato kidogo, ni yeye pia anayeweza kunufaika zaidi kiafya, mradi asiwe amefungiwa njia nyingine.

Uingereza ilichagua njia ya werevu. Ilitangaza ushuru wake 2016 na kuanza kuutoza Aprili 2018, ikipanga viwango kulingana na kiasi cha sukari kilichomo. Kampuni zilipewa miaka miwili ya kujirekebisha, na nyingi zikapunguza sukari kabla ya tarehe hiyo kufika. Afrika Kusini ilianza mwezi huo huo, ikitoza kila gramu inayozidi gramu nne katika mililita 100.

Denmark nayo iliteleza. Ushuru wake wa mafuta yanayoganda, ulioanza Oktoba 2011, uligusa siagi, jibini na nyama kwa pamoja. Wananchi walivuka mpaka kununua bidhaa hizo Ujerumani, na kufikia Januari 2013 ushuru huo ulikuwa umefutwa. Aliyetaka kushika vyote aliponyokwa na vyote.

Kenya ikifuata mfano wa kupima sukari, hesabu haitakuwa ngumu. Chukulia soda yenye gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina gramu 30, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana akomee 25.

Kwa sheria ilivyo, chupa hiyo hutozwa Sh1.92 pekee. Iwapo Bunge lingetoza, kwa mfano, senti 50 kwa kila gramu inayozidi nne katika mililita 100, chupa hiyo ingelipiwa Sh9. Mtengenezaji akipunguza sukari hadi gramu tano katika mililita 100, ushuru ungeshuka hadi Sh1.50, chini ya anaolipa sasa. Maji yangelipiwa sufuri.

Mpango wa aina hiyo haumlazimishi mtu kuacha soda. Humlazimisha mwenye kiwanda kuamua kama sukari anayoiweka ina thamani ya gharama yake. Vyombo vya kuutekeleza pia vipo, kwa kuwa tangu Novemba 2019 soda, juisi na maji ya chupa hubandikwa stempu za ushuru.

Pesa ziende wapi?

Wapinzani wa ushuru huu wana hoja nzito ambazo hazistahili kupuuzwa. Chai yenye sukari nyingi inayopikwa nyumbani haitaguswa. Viazi karai na mandazi ya kando ya barabara havina lebo wala stempu. Ushuru wa soda pekee hautaondoa unene, na anayeahidi hivyo anauza ndoto.

Hata hivyo, hoja yao iliyo kali zaidi ni ya uaminifu. Mwananchi ambaye ameona ushuru ukipanda mwaka baada ya mwaka bila kuona dawa katika zahanati hatashawishika kwamba safari hii serikali inamhurumia.

Katiba ya 2010 imeongeza ugumu hapa. Kifungu cha 209 kinaipa Serikali Kuu pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa bidhaa, huku sehemu kubwa ya huduma za afya ikiwa mikononi mwa kaunti. Soda inaponyweka Maili Kumi, ushuru huenda Nairobi. Mnywaji anapougua kisukari, mzigo huangukia hospitali za Kaunti ya Nakuru.

Njia ya kuunganisha ncha hizo mbili si ngeni. Tangu 1993 ada inayotozwa petroli na dizeli imetengewa ukarabati wa barabara kwa mujibu wa sheria. Vivyo hivyo, fedha za sukari zinaweza kutengwa kisheria. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 tayari iliunda hazina ya dharura na magonjwa sugu. Kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa sugu, na hazina hiyo ingekuwa mahali pa kwanza pa kupeleka pesa hizo.

Sehemu nyingine ingefaa kuelekezwa kwenye maji safi shuleni na kwenye maghala baridi yatakayopunguza uharibifu wa mboga. Mkulima wa Dundori angeona kwamba ushuru uliopandisha bei ya soda ndio uliookoa kabeji yake isioze, na mnunuzi wa Lanet angeipata kwa bei nafuu.

Jibu basi ni kwamba serikali inaweza kutoza ushuru huo, na ina sababu ya kufanya hivyo, lakini kwa masharti. Itoze sukari wala si ujazo wa chupa. Iache mafuta, unga na mkate. Iyaondolee maji ushuru siku hiyo hiyo itakapoiongezea soda. Na iandike katika sheria, kabla ya kukusanya shilingi ya kwanza, pesa hizo zitatumiwa wapi.

Bila masharti hayo, ushuru wa afya utakuwa jina jipya la mzigo wa zamani, na wakazi wa Bahati, kama Wakenya wengine, walikwisha kuonyesha 2024 kwamba wanajua kutofautisha. Kurekebisha fungu linalochanganya maji na soda ni kazi ya mistari michache katika Mswada wa Fedha. Huo ungekuwa mwanzo wa kuthibitisha nia njema.