Gurudumu la rangi si ruhusa ya kupaka tovuti bendera

Wadau, leo nitasema ukweli na atakayekasirika akasirike. Kuanzia Moi Avenue mpaka Westlands, tovuti ninazoletewa nizitengeneze zina ugonjwa mmoja: nyekundu, kijani na nyeusi, zote zikipiga kelele kwa pamoja. Ukimuuliza aliyezichagua anajibu, "Nyekundu na kijani hukabiliana kwenye gurudumu la rangi."

Gurudumu lipi, ndugu yangu? Hilo ni la wachoraji, la nyekundu, manjano na buluu. Skrini haina rangi ya kopo, ina taa: nyekundu, kijani na buluu. Kwenye gurudumu la taa, nyekundu hukabiliana na sayani, ile buluu-kijani, nayo kijani hukabiliana na majenta. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Duara lina digrii 360: nyekundu iko 0, kijani 120, buluu 240. Ongeza 180 upate rangi ya mkabala. Sogea 30 upate jirani. Ruka 120 mara mbili upate kundi la rangi tatu. Basi!

Hata hivyo, gurudumu halikwambii kama maandishi yatasomeka. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1. Kijani kikali juu ya nyekundu kali hakifiki hata 3. Juu ya nyeupe ni 1.4 hivi. Sasa mfikirie mama mboga wa Kangemi, jua la saa saba, simu ya bei nafuu, anatafuta kama mteja amelipa. Na kuna watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ukiweka kitone cha kijani kwa "amelipa" na chekundu kwa "hajalipa", bila neno lolote, mtu huyo atatoa mali yake bure. Hiyo si sanaa, ni hasara.

Tazameni matatu za Waiyaki Way. Pamoja na michoro yote, mstari wa manjano uliolazimishwa kuanzia mwaka 2004 una kazi moja tu: kuonekana.

Fanyeni hivyo hivyo. Rangi moja kuu, jirani yake moja, na ya mkabala kwa kitufe kimoja tu. Kisha toka nje na simu, simama juani, usome. Usipoweza kusoma, mteja naye hawezi. Bendera tuiachie mlingoti.