Naitrojeni Ifuate Mvua, Isifuate Mfuko

Mkoani Singida shamba la mtama lina wadai wawili: binadamu na ng'ombe. Punje huingia ghalani, nayo mabua huliwa na mifugo wakati wa kiangazi. Hesabu ya mbolea isiyowatazama wote wawili ni hesabu pungufu.

Tuanze na kile kinachoondoka shambani. Punje za mtama huwa na protini kiasi cha asilimia 10, na takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Kwa hiyo tani moja ya punje huondoka na kilo zipatazo 16 za naitrojeni, na mabua nayo huchukua sehemu yake. Ng'ombe wakilala zizini na samadi ikarudishwa shambani, kama walivyozoea Wanyaturu tangu zamani, sehemu ya deni hulipwa. Mabua yakiuzwa, au samadi ikiachwa irundikane zizini, udongo huzidi kufukarika.

Wako wanaojibu upesi kwamba dawa ni kuongeza mbolea ya chumvichumvi. Ni kweli kwamba mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na ruzuku iliyoanza katika msimu wa 2022/2023 ilimpunguzia mkulima bei. Lakini Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu. Mtama uliopewa naitrojeni nyingi mapema hutanua majani na kumaliza maji ya udongoni. Suke linapotoka, ardhi imekwisha kukauka. Mkulima huvuna majani badala ya punje.

Hata majani hayo yana hatari. Mtama mchanga, au uliodumazwa na ukame, huweza kutoa sayanidi, sumu iuayo ng'ombe kwa muda mfupi, na naitrojeni nyingi huzidisha hatari hiyo. Mfugaji hapaswi kuingiza mifugo katika shamba la namna hiyo.

Kwa maoni yangu, kiwango kimoja kwa kila ekari na kila mwaka hakiifai nchi kame. Katika majaribio yaliyofanywa katika mashamba ya wakulima wadogo kusini mwa Zimbabwe, kilo 17 hivi za naitrojeni kwa hekta ziliongeza mavuno ya nafaka kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa urea, kiasi hicho ni kama kilo 15 tu kwa ekari.

Basi utaratibu uwe huu. Samadi itangulie kabla ya kupanda. Mbolea ya kukuzia itiwe kidogo kidogo kando ya kila shina, baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukiwe. Kwani urea iliyoachwa juu ya ardhi hugeuka hewa ya amonia ikapotea. Mvua ikikatika, mkulima asubiri. Isiporudi, mbolea ihifadhiwe pakavu hadi msimu ujao.

Jambo hili lahitaji msaada wa wahusika. Mbolea ipatikane vijijini katika vifungashio vidogo, na kila kijiji kiwe na kipimo cha mvua. Afisa ugani, kabla ya kutaja idadi ya mifuko, aulize kwanza mvua imenyesha kiasi gani na mkulima ana ng'ombe wangapi.