Beni: Gari linaimba vizuri, lakini redio ya kwetu haisikiki

Abiria anayepanda gari asubuhi mjini Beni kwenda Butembo, Oicha ao Kasindi, kitu cha kwanza anachosikia ni muziki. Shofere anaingiza flashi, ao anaunga telefone yake kwa Bluetooth, safari inaanza. Wakati huohuo redio za jamii zinasoma habari za asubuhi, lakini ndani ya gari hakuna anayezisikia. Watu husema mashofere wa leo hawapendi tena habari. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Mara nyingi, hata shofere akitaka, redio ya gari lake haiwezi.

Redio iliyotengenezewa Japani

Magari mengi ya okazyo yanayotembea Beni na Butembo yalitumika kwanza Japani. Yanashushwa bandarini, sana sana Mombasa, yanavuka Uganda, yanaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Ndiyo sababu usukani uko kuume, hata kama kwetu magari yanapita upande huohuo wa kuume. Usukani kila mtu anauona. Redio haionekani shida yake mpaka mtu aifungue.

Kule Japani, FM ilipangwa kati ya 76 na 90 MHz. Masafa ya juu zaidi, kuanzia 90 mpaka 108, yalikuwa ya televisheni. Televisheni ya zamani ilizimwa sehemu kubwa ya nchi hiyo mwaka 2011, na ni kuanzia mwisho wa 2014 tu ndipo redio zao zilianza kupanda mpaka 95. Huku kwetu, sawa na Uganda na Kenya, FM iko kati ya 87,5 na 108.

Hesabu ni nyepesi. Gari la miaka ya 2000 lenye redio yake ya kiwandani linapata kipande kidogo tu cha FM ya kwetu: kati ya 87,5 na 90. Redio yoyote inayopigia juu ya hapo, kwa shofere huyo ni kama haipo. Atatafuta, atasikia kelele tu, mwisho atazima na kuingiza flashi.

Muziki unaingiaje

Njia ziko nyingi. Gari likiwa na tundu la AUX, waya mmoja unatosha kuunga telefone ao kichezeo kidogo cha MP3. Likiwa na USB, flashi inaingia moja kwa moja. Redio za kaseti nazo zina dawa yake: kaseti ya uongo yenye waya, unaiingiza mahali pa kaseti, sauti inatoka.

Gari lisilo na tundu lolote linatumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude hicho ni redio ndogo: kinatuma muziki kwa FM, na redio ya gari inaupokea. Lakini angalia mahali kinapofanyia kazi. Redio ya Kijapani haipiti 90, basi shofere analazimika kukiweka kati ya 87,5 na 90, kipande kilekile kidogo ambamo redio chache za kwetu zingeweza kusikika. Akikiweka juu ya masafa ya redio ya kwetu, anaifunika ndani ya gari lake.

Kuna na shida nyingine mafundi wa umeme wa gari wanaijua. Redio kadhaa za kiwandani, betri ikitolewa tu, zinajifunga na kuomba namba ya siri. Maandishi ni ya Kijapani, na mwenye gari wa kwanza alibaki Japani. Toka siku hiyo gari halina redio wala muziki, na telefone inalia peke yake juu ya dashibodi.

Kwa nini si mchezo

Mahali pengine jambo hili lingekuwa la starehe tu. Katika eneo la Beni, ambako mauaji ya raia yanaendelea tangu Oktoba 2014, habari ya barabara ni habari ya uhai. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Barabara ya taifa nambari 4, ile inayotoka Kasindi na kupita Beni kuelekea Komanda, imeona magari yakichomwa na watu wakiuawa. Kuna nyakati magari yalipaswa kwenda kwa msafara, yakilindwa na askari.

Shofere anayetoka Beni asubuhi anaweza kukuta mambo yamegeuka mbele ya kufika Eringeti. Kama barabara imefungwa akiwa njiani, nani atamwambia? Mara nyingi ni shofere mwenzake anayemwashia taa kutoka mbele, ao ujumbe wa WhatsApp ambao hakuna anayejua ulitoka wapi. Taa zinasaidia, lakini hazielezi kitu. Na ujumbe unaweza kuwa wa juzi.

Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua bei ya uvumi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa uliua watu zaidi ya 2.200. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, wakati maneno mengi ya uongo yalikuwa yanazunguka. Gari la abiria ni mahali maneno yanapopita haraka sana: watu kumi wanashuka, kila mmoja anaenda na habari kwenye mtaa wake. Kama ndani ya gari ilisikika redio, wanashuka na kitu kimoja kilichohakikishwa. Kama ilikuwa muziki tu, kila mtu anashuka na chake.

Kurudisha redio ndani ya gari

Dawa ya kwanza ni kibadilisha masafa, kisanduku kidogo ambacho fundi anakiweka kati ya waya wa antena na redio. Kinashusha masafa. Kikiwa cha 14, redio inayopiga kwenye 98 itapatikana kwenye 84. Mbele ya kununua, shofere ajue kwanza redio anazozitaka ziko wapi, kwa sababu hicho cha 14 kinaishia 104. Anayetaka kufika 108 anahitaji cha 18 ao zaidi.

Dawa ya pili ni kutoa redio ya kiwandani na kuweka nyingine inayofika 108. Hapo fundi atumie kiunganishi cha waya kinachofaa. Kukata waya za gari na kuzifunga kwa skochi ndiyo mwanzo wa shoti.

Dawa ya tatu ni bei nafuu kuliko zote. Telefone nyingi za kubonyeza, na kadhaa za kisasa, zina FM ndani yake, na FM hiyo haili megabaiti. Telefone nyingi zinatumia waya wa sikioni kama antena, na waya wa AUX mara nyingi unafanya kazi hiyohiyo. Basi waya uleule unaoleta muziki unaweza kuleta habari. Telefone iwekwe karibu na kioo cha mbele, kwa sababu bati la gari linazuia mawimbi.

Redio zenyewe zina kazi yake. Haziwezi kushuka zote chini ya 90: nafasi haitoshi, na mtu hajichagulii masafa. Lakini zinaweza kukaa na ACCO, shirika la mashofere, na kukubaliana juu ya saa chache za habari za barabara, zisizobadilika. Shofere hawezi kuacha muziki siku nzima. Dakika tano kwa saa inayojulikana anaweza. Na habari zinazotumwa kwa WhatsApp zianze kila mara na tarehe na saa, ili ya jana isimfikie mtu kama ya leo.

Abiria naye ana mdomo. Mbele ya gari kuondoka, anaweza kuomba habari zisikilizwe kwanza, muziki ufuate. Aliyelipa nafasi yake ana haki ya kujua barabara ikoje.